Maji Yanauma

Jumatatu, tarehe 2

Daftari hili nimepewa na Daktari wa Meno. Ni mteja wetu wa kila kiangazi, amestaafu, mtu wa kofia kubwa na utani usioisha. Anasema mvuvi wa kweli huandika hali ya mto kila siku: maji, upepo, nzi gani walipendwa, samaki walikuwa na hasira au la. Nikamwambia mimi si mvuvi, mimi ni fundi wa nzi. Akasema, "Basi andika kama fundi, Mama Manyoya." Haya, naandika, isije ikasemwa tulipewa daftari tukawashia jiko.

Kwa atakayeliokota: hapa ni kambi ya wavuvi wa trauti, samaki wa maji baridi mwenye madoa ubavuni na majivuno ya bwana harusi. Hapa havuliwi kwa mnyoo. Anavuliwa kwa nzi wa uongo, yaani manyoya ya jogoo yaliyofungwa kwa uzi kwenye ndoana ndogo kuliko ukucha. Nzi hao nawafunga mimi, mezani kwangu, kwenye dirisha la getini. Ukimvua samaki unamtazama, unamsifu, unamrudisha majini. Wanaosema ni wazimu siwalaumu, hata mimi nilisema hivyo mpaka nikazoea.

Trauti hawezi joto. Maji yakipita nyuzi ishirini pumzi inamwishia, na ukimvua siku hiyo, hata umrudishe kwa heshima zote, atageuza tumbo juu afe. Ndiyo maana getini kuna ubao, na kila asubuhi unaandikwa neno moja kati ya mawili: WAZI au UMEFUNGWA. Anayeandika ni mimi. Anayeamua ni baba.

Baba ni mlinzi wa mto huu, mwaka wa thelathini na moja sasa. Saa kumi na mbili asubuhi anashuka chini ya daraja, anakunja shati, anazamisha mkono hadi kiwiko, anahesabu kimoyomoyo, anautoa. Akisema "yanauma", mto uko wazi. Akisema "hayaumi", umefungwa. Zamani mgeni mmoja alikuja na kipimajoto akamjaribu wiki nzima, na baba hakukosea hata uzi mmoja. Tangu siku hiyo anaitwa Kipimo, na vipimajoto vilibaki makwao. Wala hakuna mtu anayetia mkono majini baada yake ili ahakikishe. Kupima baada ya Kipimo ni kumwambia mzee wa watu amesema uongo.

Leo: yanauma. Wazi.

Jumatano, tarehe 4

Yanauma. Wazi. Nimefunga nzi kumi na nane weusi. Jogoo wa jirani akiniona anakimbia. Ana haki.

Jumamosi, tarehe 7

Mdogo wangu kaja na balaa. Yeye ndiye anayewaongoza wageni mtoni, anawaonyesha wasimame wapi na warushe uzi vipi. Leo wakati wa chai ya asubuhi katoa mfukoni kipimajoto kipya, kingali ndani ya boksi lake, akakiweka mezani mbele ya baba.

"Hiki nini?" baba akauliza.

"Kinapima maji, baba. Kiangazi cha mwaka huu si cha kawaida. Nimeona tu, tukiwa na mkono na hiki pia..."

"Na hiki pia." Baba alirudia polepole. "Mto huu nimeupima wewe hujaota meno. Leo umeota, unataka kuning'ata."

"Baba, sijasema mkono wako ni mbaya."

"Kusema ni nini tena? Umelileta neno lenyewe kwenye boksi!"

Nikaingilia. Nilimwambia mdogo wangu ana adabu ya mbuzi, na kwamba kama anataka nyuzi, nyuzi za kazi hapa ni zangu za kufungia nzi. Akacheka kidogo, ila macho hayakucheka. Akaondoka bila kumaliza chai. Hicho kipimajoto nimekitupia ndani ya kopo la nyuzi, kikae huko na wenzake.

Halafu baba, kama kumkomoa asiyekuwepo, akainua sufuria ya maji yanayochemka kutoka jikoni kwa mikono mitupu, bila kitambaa, akaja nayo taratibu mpaka mezani. Nikampigia makofi. Mikono ya chuma! Mdogo wangu hata kikombe anakishika kwa leso.

Jumatatu, tarehe 9

Yanauma. Wazi.

Jumatano, tarehe 11

Joto kali. Mto umepungua mpaka lile jiwe la katikati tunaloliita Meza limetoa miguu yote nje. Baba anasema yanauma.

Daktari alimvua trauti mzuri kwenye kidimbwi cha chini, urefu wa mkono wangu toka kiwiko hadi vidole. Kumrudisha ndiyo ikawa kazi. Alimshikilia majini kichwa kikielekea mkondo, dakika kumi nzima, kainama mpaka kiuno kikagoma. Samaki akaondoka kwa kuyumba.

"Aliniangalia kama mgonjwa niliyemzidishia sindano ya ganzi," akasema getini, akijinyoosha mgongo. "Mzee kasemaje leo?"

"Yanauma."

"Haya. Kipimo ni Kipimo." Lakini hakurudi mtoni tena, na saa nne ilikuwa bado.

Alhamisi, tarehe 12

Yanauma. Wazi.

Ijumaa, tarehe 13

Yanauma. Wazi. Hata mbwa wa getini kahamia chini ya meza yangu, ananihemea miguuni.

Jumapili, tarehe 15

Trauti mmoja amekufa chini ya daraja, tumbo juu. Baba alimtoa kwa wavu, akamgeuzageuza, akasema kashikwa vibaya na mgeni asiyejua. Wageni wasiojua wanaongozwa na nani? Na mdogo wangu. Nikamfuata hadi alipokuwa na watu wake wawili, nikampasha mbele yao. Nilisema yote niliyokuwa nayo na mengine nikayatunga hapohapo. Aliniacha nikamaliza.

"Umemaliza, dada?"

"Nimemaliza."

"Samaki wangu wote jana niliwarudisha mwenyewe, kwa mkono wangu. Na maji, dada..." Akageuka akaendelea kumfungia mgeni uzi.

Nilirudi nikiwa nimeshinda, na sijui kwa nini chakula changu nilimpa mbwa.

Jumanne, tarehe 17

Watatu wamekufa. Baba hakusema kitu kuhusu hao watatu. Alisema tu yanauma.

Mdogo wangu alipita dirishani. "Tia mkono wako mwenyewe, dada. Mara moja tu. Sikuombi kingine."

"Siwezi kupima alichopima baba."

"Basi endelea kuandika."

Nimeandika. WAZI, kwa herufi nzuri kabisa.

Alhamisi, tarehe 19

Yanauma.

Baba karudi kutoka mtoni na kandambili moja. Mguu mmoja umevaa, mwingine mtupu, na yeye anatembea kifua mbele. Nikamuuliza ya pili iko wapi, akatazama chini, akashtuka kuliko mimi. Tulicheka mpaka nikashika mbavu. Nilikwenda kuiokota, nikaikuta mbali, kule kwenye kona ya miti. Kumbe katembea mwendo wote ule juu ya changarawe bila kujua. Nikasema uzee huo, karibu ataacha na suruali.

Jumamosi, tarehe 21

Naandika mchana. Nitaandika kwa mpangilio, maana kichwani hakuna mpangilio.

Asubuhi baba alipanda kutoka chini ya daraja akasema yanauma. Niliandika WAZI. Saa mbili nikashuka kusuuza wavu ambao mgeni mmoja kaurudisha na matope. Jiwe likateleza, nikaangukia magoti, mikono yote miwili ikazama.

Hayakuuma. Yalikuwa vuguvugu, kama maji ya kumwogeshea mtoto mchanga.

Nilibaki nimepiga magoti. Nikajiambia ni pale ukingoni tu, jua limepiga. Nikaingia mpaka mapajani na gauni langu, kwenye mkondo wenyewe, chini ya kivuli cha daraja. Vuguvugu. Nikapanda mbio, nikamwaga kopo zima la nyuzi mezani, nikakichukua kile kipimajoto, nikarudi. Nyuzi ishirini na mbili na nusu. Nikakikung'uta, nikapima tena. Ishirini na mbili na nusu. Nilipoinua macho niliona kule kwenye kidimbwi vitu vyeupe vinaelea. Nikavihesabu. Saba.

Daktari wa Meno alikuwa anateremka na fimbo yake ya kuvulia.

"Mto umefungwa, Daktari."

"Ubao unasema wazi."

"Ubao umesema uongo," nikasema, na nikaanza kulia kama mtoto, maji yakinichuruzika gaunini. Alilaza fimbo kwenye majani, akanishika mkono, tukakaa juu ya gogo. Aliwatazama wale samaki kwanza.

"Mzee kasemaje asubuhi?"

"Yanauma. Kila siku anasema yanauma."

"Yanauma vipi? Amewahi kukwambia?"

Nikakumbuka. Wiki iliyopita nilimuuliza kwa utani, akasema kama sindano. Kama anachomwa sindano nyingi ndogondogo, mpaka kwenye ncha za vidole.

Daktari alivua ile kofia yake. "Nimechoma watu sindano za ganzi miaka thelathini na nne," akasema. "Kila anayetoka namwambia: usile mpaka ganzi iishe, maana utautafuna mdomo wako mwenyewe na hutajua. Sasa niambie. Anakunywa maji sana?"

"Ndoo nzima. Anasema ni joto."

"Anaamka amka kwenda chooni?"

"Sana."

"Ameungua mahali bila kusema?"

Nikaiona ile sufuria. Nikajiona napiga makofi. Nikaiona kandambili kwenye kona ya miti, na mimi nimeshika mbavu kwa kucheka. Mungu wangu. Nilikuwa naonyeshwa kila siku, na mimi nacheka.

"Inaweza kuwa sukari," akasema. "Ikikaa mwilini bila kutibiwa inaua fahamu za mikono na miguu. Mtu hasikii joto wala baridi, anachosikia ni sindano tu, mchana na usiku. Maji hayamuumi, dada. Mikono ndiyo inamuuma."

Nikapanda getini. Nilifuta WAZI kwa kiganja, nikaandika UMEFUNGWA. Herufi zilitoka mbaya. Nilikuwa bado nimeshika chaki baba alipokuja kutoka upande wa ghala.

"Nani kaandika hivyo?"

"Mimi, baba."

"Umepima?"

"Nimepima."

"Baada yangu?"

Ningeweza kusema nimeteleza tu, nimeangukia majini. Ingekuwa kweli. Lakini nilirudi mara ya pili na kipimajoto, na hiyo nayo ni kweli.

"Baada yako," nikasema.

Hakufoka. Afadhali angefoka, ningejua pa kushika. Akageuka akaelekea nyumbani, na nikaona anavyokanyaga, kila hatua anaangalia mguu unapotua kama mtu asiyeuamini. Nimekaa naye nyumba moja miaka tisa, tangu ndoa yangu iliponishinda nikarudi kwake, na nimeyaona haya leo.

Jumapili, tarehe 22

Haongei. Hali. Nimeweka chakula mara tatu, nimekitoa mara tatu. Nina hasira naye, nina hasira na mimi, hasira nyingine haina pa kwenda nimeimalizia kwa mbwa.

Umefungwa. Nyuzi ishirini na tatu.

Jumatatu, tarehe 23

Saa kumi na mbili nikasikia mlango. Mazoea hayana dawa. Nikamfuata. Nilimkuta amekaa chini ya daraja juu ya jiwe lake, miguu yote miwili ndani ya maji, mikono mapajani. Nikakaa kando yake, nami nikaloweka miguu.

Jua likafika kwenye nguzo ya daraja.

"Tangu kiangazi kilichopita," akasema.

"Na mbona hukusema, baba?"

"Ningesema nini? Kwamba Kipimo kimeharibika?" Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Nikitia mkono majini, unauma. Nikiutia mfukoni, unauma. Nikilala nao chini ya mto wa kitanda, unauma. Asubuhi mnaniuliza, nasema yanauma. Nikajiambia, mzee, si uongo huo."

"Na samaki, baba?"

"Niliwaona."

"Wote?"

"Wote. Yule wa kwanza nilimsingizia mdogo wako, nikakuacha uende ukamtukane. Nilikusikia toka ghalani. Sauti yako haihitaji simu." Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Hii kazi ndiyo mimi. Ukiniondolea maji haya, nitakaa pale barazani niwe mzee wa nani? Nilitaka kiangazi kimoja tu kipite. Mvua inyeshe, maji yapoe yenyewe, mwaka mwingine ningejua la kufanya."

Nilikuwa nimeandaa maneno makali usiku kucha. Yote yalipotea. Nikamwambia namhitaji barazani, jikoni, popote, mradi awepo, na kwamba kama anadhani ninampenda kwa sababu anajua joto la maji basi ana akili ndogo kuliko trauti. Bega lake liliniegemea.

Nikainua mguu wake wa kulia kutoka majini ili nimvalishe kandambili. Chini ya unyayo kulikuwa na tundu. Msumari, au kipande cha chuma, sijui. Pembeni nyama imekuwa nyeupe, katikati nyeusi, na harufu yake sitaiandika.

"Baba, hii haikuumi?"

"Ipi?" akauliza.

Jumanne, tarehe 24

Zahanati. Muuguzi ni binti mdogo lakini mdomo wake umezaliwa kabla yake. Alimtoboa kidole, akaiweka damu kwenye mashine. Mashine ikaandika neno badala ya namba. Akasema hufanya hivyo sukari ikiwa imepita inapoweza kuhesabu.

Kisha akatoa uzi mgumu wa plastiki, mfupi, mmoja tu. Nikautambua mara moja: ni kama uzi wetu wa kuvulia, ule mnene.

"Shikamoo tena mzee, fumba macho. Nitakugusa unyayo na uzi huu. Ukisikia, sema nasikia."

Baba akafumba macho. "Nasikia," akasema.

"Bado sijagusa, mzee."

Akagusa kidole gumba, uzi ukapinda. Baba hakusema kitu. Akagusa kisigino. Hakusema kitu. Akainua mkono juu, mbali kabisa na mguu.

"Nasikia," baba akasema, na sauti yake ilikuwa inaomba.

Niligeuka dirishani. Kumbe ndivyo alivyokuwa akifanya kule chini ya daraja asubuhi zote hizo. Alikuwa anabahatisha huku amefumba macho, akiomba aotee.

Muuguzi alisafisha kidonda akimfokea. "Mficha maradhi, kilio humfichua. Mngekaa wiki nyingine, tungekuwa tunazungumzia kukata. Sasa hivi bado nazungumzia kuosha. Kila siku, hapa, na usikanyage chini peku tena, hata chooni." Amempa dawa, amempa karatasi ya vyakula, na kwa daktari mkubwa amemwandikia barua.

Njiani tulifika kwenye kona ya miti, pale nilipookota kandambili. Baba akasema, "Nimewaimbia tangu mko wadogo, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kumbe ni asiyesikia tu. Hata awe ndiye mkuu."

Jumatano, tarehe 25

Nimekwenda kumwomba mdogo wangu msamaha. Nilisema, "Nilikukosea mbele za watu, samahani."

"Samahani hiyo umeifunga na uzi gani, dada? Mbona fupi hivyo?"

Nikairefusha. Nililia pia, akaona imetosha. Nikamweleza habari za mguu, akakaa chini palepale kwenye ngazi. Anasema alijua maji yana kasoro, hakujua baba ana kasoro. Kama angejua, asingekileta kile kipimajoto kwenye boksi, mbele ya chai.

Ijumaa, tarehe 27

Umefungwa. Nyuzi ishirini na tatu. Wamekufa wawili, jana hakufa hata mmoja. Wageni wameondoka isipokuwa Daktari, ambaye anasema amelipia utulivu na atautumia.

Jumanne, tarehe 31

Umefungwa. Baba yuko barazani, mguu juu ya kiti, amenuna kama mvua isiyonyesha. Nimempa manyoya achambue, ya kahawia huku, meusi kule. Mkono hausikii ila macho yanaona. Amechambua vizuri kuliko mimi, na amehakikisha nimeliona hilo.

Tarehe 3 ya mwezi mpya, Ijumaa

Nilipopanda kutoka mtoni aliniuliza, "Ngapi?" Ni mara ya kwanza.

"Ishirini na mbili."

"Hm."

Jumatatu, tarehe 6

"Usiniambie," akasema leo kabla sijafungua mdomo. "Asubuhi kulikuwa na ukungu juu ya maji?"

"Mwembamba."

"Yule ndege mweusi wa kwenye Meza, alisimama juu ya jiwe au pembeni majini?"

"Juu ya jiwe."

"Wadudu?"

"Wachache. Walikuwa chini chini."

Akafumba jicho moja. "Ishirini na nusu."

Nilikuwa nimeandika kwenye kiganja ili nisisahau. Nikamfunulia: ishirini na nusu. Alirudi kwenye manyoya yake, lakini masikio yake yalikuwa yanacheka.

Jumatano, tarehe 8

Amepatia tena. Muuguzi anasema kidonda kinafunga kutoka ndani, ndivyo inavyotakiwa. Sukari sasa mashine inaandika namba.

Ijumaa, tarehe 10

Amekosa kwa nyuzi mbili, akasema kipimajoto ndicho kimekosea. Mdogo wangu alicheka mpaka chai ikampalia. Alikuja kunywa chai, na safari hii akaimaliza.

Jumapili, tarehe 12

Tumeamka mto ni wa kahawia na unanguruma. Imenyesha huko juu milimani, hapa hata tone. Jiwe la Meza halionekani. Mdogo wangu ameruka ruka ukingoni kama mwendawazimu.

Jumanne, tarehe 14

Maji yameanza kutakata. Baba kavaa viatu. Viatu vya kufunga, alivyoandikiwa na daktari mkubwa, vikubwa kama mitumbwi. Kavitazama kwa chuki, kavivaa.

Jumatano, tarehe 15

Leo alisema tunashuka wote. Tulikwenda polepole, yeye na fimbo yake, mimi nyuma, nikijifanya simwangalii miguu. Chini ya daraja akakaa kwenye jiwe lake. Nikatoa kipimajoto.

"Weka hicho," akasema. "Kwanza mkono. Ukianza na namba, mkono utakuwa mvivu."

Nikakunja nguo, nikazamisha hadi kiwiko.

"Usiutoe haraka. Hesabu."

"Mpaka ngapi?"

"Mpaka utakapotaka kuutoa. Hiyo ndiyo namba."

Miaka thelathini na moja, na hakuwahi kumwambia mtu hilo. Nikahesabu. Kwenye kumi na nne mifupa ilianza kulia, na nikang'ang'ania mbili zaidi kwa kiburi.

"Yanauma?" akauliza.

"Yanauma, baba."

"Yanauma vipi?"

"Kama yananifukuza."

Akaitikia kwa kichwa, akauchukua ule mkono wangu uliolowa, mwekundu kwa baridi, akauweka shavuni mwake, mahali ambapo bado anasikia. Alikaa hivyo kitambo. "Ehe," akasema, kama mtu aliyekutana na rafiki yake wa zamani njiani. "Ehe. Ndiyo yenyewe."

Kipimajoto kilisema nyuzi kumi na nne. Tulikuwa tunakikausha wakati kofia kubwa ilipochomoza juu ya daraja, na fimbo ya kuvulia pembeni yake.

"Kipimo!" Daktari akaita. "Kipimo! Maji yanasemaje leo?"

Nikamsubiri baba ajibu. Alikuwa anavuta ndimi za viatu vyake, hana haraka. Daktari akaita tena.

"Itika basi," baba akaniambia bila kuinua kichwa. "Huoni mtu mzima anapiga kelele darajani?"